Sifuri katika Safu ya Tisa

Fomu zilikuwa na safu kumi na moja, na safu ya tisa iliuliza maumivu. Jibu lilikuwa tarakimu: sifuri kama mgonjwa hakuumwa, moja kama aliumwa kidogo, mbili kama aliumwa, tatu kama aliumwa sana. Aliyeandika mbili au tatu alitakiwa kugeuza karatasi na kueleza nyuma yake. Katika miezi saba, wanawake mia moja na kumi na wanne wa Rumonge, Gatete na milima ya juu walikuwa wamewekewa kitanzi cha uzazi katika disipanseri ile ya binafsi kando ya barabara ya ziwani. Karatasi iliyogeuzwa ilikuwa moja.

Tarakimu haikutoka kwa mgonjwa. Dokta Delporte, Mbelgiji aliyekuja kutoka Bujumbura Alhamisi mbili kila mwezi, hakujua Kirundi wala Kiswahili. Akimaliza kazi alivua glavu na kuuliza kwa Kifaransa, "Ngapi?" Msaidizi wake, Esha binti Swedi, aliyesimama upande wa kichwa cha mgonjwa, ndiye aliyejibu. Mwanzoni alikuwa akimwinamia mgonjwa na kumuuliza. Wanawake wa milimani walisema si kitu hata kama machozi yalikuwa yakiwaingia masikioni, na wale wa mtaa wa Waswahili walisema wanakufa. Baada ya wiki chache aliona hakuna haja ya kuuliza. Aliyenyamaza alipewa sifuri. Aliyelia alipewa moja. Aliyepiga mayowe alipewa moja pia, kwa kuwa Dokta alikuwa amemfundisha kwamba kelele si kipimo.

Alhamisi ya tarehe 27 Juni 1968 walikuja wanawake tisa. Wa tano alikuwa Mama Amisi, muuza maandazi. Alipoguswa tu na chombo alipiga ukelele uliowatoa nje wateja wa kinyozi jirani, akarusha mguu, na sinia ya vyombo ikaanguka sakafuni. Kazi ilisimama dakika arobaini, vyombo vikichemshwa upya.

"Esha! Dokta anauliza kama Waswahili mumetengenezwa kwa sukari," alisema Casimir, muuguzi mkuu, mtu wa Uvira ng'ambo ya ziwa, akicheka mlangoni. "Hawa ndugu zako watatumaliza."

"Si wote ni ndugu zangu," Esha alijibu. Alijibu kwa Kifaransa, ili Dokta asikie.

Alikuwa mwanamke wa kwanza wa mtaa ule kupata cheti cha uuguzi msaidizi. Kila mwanamke wa mtaani aliyepanda juu ya meza ile alimpandisha au kumshusha machoni pa Dokta, na siku hiyo alikuwa ameshushwa. Nje, kwenye benchi, aliyefuata alikuwa Zuwena, mke wa kaka yake. Esha alitoka mwenyewe kumwita.

"Wifi, umemusikia Mama Amisi?"

"Mtaa muzima umemusikia."

"Basi wewe usinitie haya. Ni dakika tano. Ukikaza mwili ndiyo inauma."

"Na nisipokaza?"

"Haiumi."

Zuwena alicheka kidogo. "Kwani wewe walikuwekea lini?"

Esha, aliyeachika bila kuzaa, alimfungulia mlango.

Zuwena alikuwa na watoto watano. Wa mwisho, aliyezaliwa Februari, alikuwa karibu kumwua kwa damu, na mkunga alisema wazi kwamba wa sita hatamwacha hai. Mume wake, Ramazani, fundi cherehani wa sokoni, alisema uzazi ni jambo la Mungu. Kwa hiyo wanawake watatu wa nyumba hiyo, Zuwena, Esha na Kulthumu, mama yao Ramazani na Esha, waliamua bila yeye.

Mezani Zuwena alitulia. Chombo cha kwanza kilipoingia alifumba macho. Mrija wenye kitanzi uliposukumwa, alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Wifi, hapo hapana," alisema.

"Pumua."

"Mwambie asimame, wifi. Mwambie asimame kwanza."

"Anasema nini?" Dokta aliuliza bila kuinua kichwa.

"Anaogopa," Esha alitafsiri.

Dokta alisukuma. Zuwena hakupiga kelele. Sauti yake ilishuka, ikawa ya chini na iliyonyooka, macho yakiwa darini, akasema: La ilaha illa Llah. Akarudia. Akarudia tena.

Katika nyumba za mtaa ule mwanamke aliyeumwa alilia, tena bila kujizuia. Mayowe ya uchungu wa kuzaa yalivuka uzio na hakuna aliyeyaonea aibu isipokuwa wachache waliosoma. Lakini maumivu yakivuka kilio, mwanamke aliacha kulia akatoa shahada, ili kifo kikimkuta kisimkute na neno lingine mdomoni. Kulthumu, aliyezalisha nusu ya mtaa, aliwafundisha hivyo wakwe na mabinti. Mkunga aliyesikia shahada aliacha kila kitu akatuma mtu kutafuta gari. Esha alijua hayo kabla hajajua kusoma.

"Anaimba?" Dokta aliuliza.

"Anasali," Esha alisema. "Ni mazoea yao."

Alisikia neno hilo, yao, likimtoka.

Dokta alivua glavu. "Ngapi?"

Kitambaa chini ya kichwa cha Zuwena kilikuwa kimelowa jasho na midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Esha aliona vyote viwili. Aliona pia kwamba mbili au tatu ingehitaji sentensi nyuma ya karatasi, na wanawake watatu walikuwa bado wanangoja, na Casimir alikuwa mlangoni.

"Sifuri," alisema.

"Huyu ni mzuri. Ungetuletea wengi wa namna hii."

Esha alisikia fahari. Kati ya mambo yote ya siku ile, hilo ndilo ambalo hakuja kumweleza mtu.

Siku ya pili, Ijumaa, Ramazani alikuwa amekwenda msikitini. Kulthumu alikuwa uani anapeta mchele. Zuwena alitoka na ndoo, akasimama katikati ya ua, akaiweka chini.

"Unatembea kama mutu aliyebeba mawese kwa sahani," Kulthumu alisema.

"Ni tumbo, mama. Wifi anasema litatulia."

"Jana ulilia?"

"Sikulia. Nilitoa shahada."

Ungo ulisimama mikononi mwa Kulthumu. Hakumtazama Zuwena, alimtazama binti yake aliyekuwa kizingitini anafunga viatu vyake vyeupe vya kazi.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Palepale, mama."

"Ukamwambia nini muzungu?"

"Mama, kila mwanamuke anaumwa kidogo. Tumewawekea zaidi ya mia. Hakuna aliyekufa."

"Sikukuuliza habari ya mia. Nimekuuliza huyu."

"Nachelewa kazini," Esha alisema, akatoka na kamba moja ya kiatu haijafungwa.

Jumamosi asubuhi Zuwena alikuwa na homa. Ramazani alimkalisha nyuma ya baiskeli, akaisukuma hadi disipanseri, akiwaamkia watu njiani kama kawaida ili wasiulize. Esha aliwapokea kama alivyowapokea wagonjwa wote. Kwa kuwa kaka yake alikuwa amesimama hapo, hakuweza kusema neno kitanzi.

Casimir alimpima joto, akachukua karatasi yake ya Alhamisi kwenye sanduku, akaisoma, kisha akamwambia Ramazani, "Iko malaria, bwana. Wakati wa baridi watu wanaacha kulala ndani ya chandarua."

Halafu akamgeukia Esha na kuendelea kwa Kifaransa. "Au una wazo lingine?"

"Tumbo lake linauma sana chini."

"Kama ni kile kitu, angekisikia siku ileile. Mimi sikuwepo mezani, wewe ulikuwepo. Umeandikisha sifuri. Sifuri au siyo sifuri?"

Ramazani alikuwa akiwatazama kwa zamu, midomo yao, kama mtu anayetazama watu wawili wakihesabu fedha zake.

"Sifuri," Esha alisema.

"Basi ni malaria."

Zuwena alichomwa kwinini. Aliporudishwa kwenye baiskeli alimuuliza Esha polepole, "Amesema nini?"

"Malaria, wifi."

"Na wewe unasema nini?"

"Casimir ana miaka kumi na tano kazini."

Zuwena alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa amemwamini wifi yake tangu alipoolewa, kwa kuwa alisoma, na mtu hawezi kuacha imani ya miaka tisa kwa siku mbili.

Jumapili alfajiri tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Kulthumu aliligusa kwa vidole viwili, akanawa mikono, akamwambia mwanawe, "Tafuta gari. Usiniulize kitu. Tafuta gari."

Magari yalikuwa machache, maana kesho yake ilikuwa sikukuu ya uhuru, mwaka wa sita, na mengi yalikuwa yamechukuliwa kubeba watu na bendera. Ramazani alipata nafasi katika lori la mawese. Dereva alikubali Zuwena akae mbele na Esha. Ramazani alipanda nyuma, katikati ya mapipa. Walipofika Gitaza, watoto wa shule walikuwa wanafagia ukingo wa barabara, na walipoona lori walipunga mifagio yao wakiimba. Dereva aliwapigia honi. Kila shimo la barabara lilimwinua Zuwena kutoka kwenye kiti na kumrudisha. Esha alitega sikio njia nzima, akiogopa kuusikia mnong'ono uleule wa shahada, na mara mbili aliusikia.

Walifika hospitali ya Bujumbura saa saba mchana. Daktari wa zamu alikuwa kijana Mrundi, mwembamba, aliyerudi kutoka masomoni Ulaya mwaka ule. Alimpapasa Zuwena tumbo, akasoma karatasi ya disipanseri, ambayo Esha alikuwa ameipitia njiani, mpaka mwisho, mbele na nyuma. Nyuma hapakuwa na kitu.

"Uliyemleta ni wewe?" alimuuliza Esha kwa Kifaransa, akitazama viatu vyeupe.

"Ndiyo, Dokta. Mimi ni msaidizi katika disipanseri hiyo."

"Nilidhani kitanzi kimetoboa kizazi. Lakini hapa pameandikwa kimeingia kwa urahisi, maumivu sifuri. Mtu halali kimya anapotobolewa. Nafikiri ni homa ya matumbo. Tutampa dawa. Kesho ni sikukuu. Jumanne daktari mkuu wa upasuaji atarudi, ataamua yeye."

Esha alihesabu. Jumapili mchana mpaka Jumanne asubuhi ilikuwa kama saa arobaini. Alikuwa ameona matumbo magumu mawili katika kazi yake, na mwenye la pili hakufika saa ishirini.

"Dokta," alisema, "hiyo sifuri si yake. Ni yangu."

"Sijaelewa."

"Sikumuuliza. Huwa siwaulizi. Aliomba kazi isimamishwe, nikasema anaogopa. Kisha akasema maneno ambayo kwetu mtu anasema akiona anakufa, nikasema ni mazoea."

Daktari alivua miwani. Hakuonyesha hasira. Aliuliza kwa mpangilio, akiandika: aliomba mara ngapi, jasho lilikuwepo, alibadilika rangi, alisimama mwenyewe baada ya hapo au alishikwa. Esha alijibu yote. Alikumbuka kila kitu, mpaka upande aliougeuzia uso. Mtu aliyeona hivyo hakuwa na udhuru wa kutoona.

"Kwa nini hukusema?"

"Ni wifi yangu. Niliona haya."

Daktari aliliandika na hilo. Kisha akafunga kalamu. "Nitampasua sasa. Huenda nikatoa kizazi. Mume wake atie sahihi, na ajue anachotilia sahihi. Mweleze."

"Kaka yangu anasikia Kirundi, Dokta. Labda wewe mwenyewe…"

"Mimi naenda kutafuta damu na kunawa. Mkalimani si wewe?"

Ramazani alikuwa barazani, kwenye benchi la wasindikizaji, mafuta ya mawese yamemchafua suruali hadi magotini. Alisogea ili dada yake akae. Esha hakukaa, alimpa karatasi ya kutia sahihi.

"Kaka, watampasua."

"Malaria inapasuliwa?"

"Si malaria. Aliwekewa kitanzi cha kuzuia mimba. Siku ya Alhamisi. Kimemtoboa."

"Nani alimpeleka?"

"Mimi."

"Mama anajua?"

"Anajua."

Ramazani aliikunja karatasi mkononi, akaikunjua. Watu wawili kwenye benchi walijifanya wanatazama uani. "Nyumba yangu nzima," alisema. Kisha, "Alilia?"

"Alitoa shahada."

Hapakuwa na haja ya kumfafanulia. Mwezi wa Februari, Zuwena akijifungua, aliisikia shahada hiyohiyo kupitia ukuta, akakimbia bila viatu mpaka barabarani kutafuta gari.

"Ukasikia."

"Nilisikia."

"Ukamwambia nini dokta?"

Esha alitafuta neno jingine. Lugha zote tatu alizozijua hazikumpa. "Nilimwambia hakuumwa."

Ramazani aliweka karatasi kwenye paja, akatia sahihi. Mkono uliokata nguo kwa mstari ulionyooka miaka ishirini uliandika nje ya mstari. Esha alinyoosha mkono apokee karatasi aipeleke. Ramazani aliinuka, akampita, akaipeleka kwa mlinzi wa mlangoni.

Kizazi kilitolewa. Kitanzi kilikutwa nje yake, katikati ya matumbo, na usaha kiasi cha bakuli. Daktari aliwaambia kwamba kama wangengoja, wasingengoja sana: asingeifikia Jumanne.

Zuwena aliamka vizuri Jumatatu adhuhuri. Nje ngoma za sikukuu zilikuwa zinalia na wodi ilikuwa na wauguzi wawili tu. Esha alikuwa ameketi sakafuni karibu na kitanda, maana kiti kilikuwa kimoja na kilikuwa na mgonjwa mwingine.

"Wamenitoa nini?" Zuwena aliuliza.

Esha alimwambia.

"Basi sitazaa. Tulikuwa tunataka hilo," alisema, na sauti yake haikuonyesha kama ni mzaha.

"Wifi, nisamehe."

"Sina nguvu ya kukusamehe sasa hivi. Minaumwa."

Muuguzi wa zamu, Vestine, mwanamke mzima mwenye kofia iliyopigwa wanga, alifika na kadi. Alimwona Esha na viatu vyake, akamsalimu kwa Kirundi kisha akamsemesha kwa Kifaransa. "Amahoro. Huyu wako anaumwa kiasi gani?"

"Muulize mwenyewe. Anasikia Kirundi."

"Nina wagonjwa thelathini na wawili, dada. Wewe ni wa kazi, nambie tu."

"Mimi sijui," Esha alisema.

Vestine alimtazama kama mtu aliyeambiwa na fundi kwamba hajui kushika nyundo. Alimgeukia Zuwena, akauliza kwa Kirundi.

"Sana," Zuwena alisema.

Vestine aliuchunguza uso. Macho yalikuwa makavu, mikono imetulia juu ya shuka. Aliandika, akaanza kuondoka. Esha aliinuka akasoma kadi juu ya bega lake. Ilikuwa imeandikwa kwamba maumivu ni kidogo.

"Amesema sana."

"Nimesikia. Lakini mtazame. Anayeumwa sana halali hivyo. Mimi hapa nina miaka kumi na mmoja, Waswahili wa huko Rumonge ninawajua. Wanapenda sindano." Alisema bila ubaya, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mwenzake mdogo, akaendelea na njia yake.

Esha alimfuata. Kwanza alisema kwa Kifaransa, kwa adabu, kwamba Zuwena amepasuliwa jana na kwamba dawa ya maumivu imeandikwa na daktari. Vestine alisema imeandikwa itolewe ikihitajika tu. Esha alisema inahitajika. Vestine alisema yeye ndiye anayejua. Walikuwa wamefika barazani sasa, na hapo Kifaransa cha Esha kiliisha.

"Umemuuliza amejibu!" alipaza sauti kwa Kiswahili. "Unamuuliza ya nini kama unajua mwenyewe? Amekwambia sana! Andika sana! Andika alichosema, wewe mwanamuke!"

Alipiga kelele jinsi wanawake wa mtaa wake walivyopiga, mkono mmoja kiunoni, kitambaa cha kichwa kimeteleza shingoni, na hakunyamaza alipoambiwa anyamaze. Wagonjwa walitoa vichwa madirishani. Mlinzi aliacha lango. Mtu mmoja alicheka, akasema kwamba Waswahili wameanza. Kwenye benchi, Ramazani aliinamisha kichwa na kuitazama mikono yake, kwa kuwa mwanamke aliyekuwa anazomewa na baraza zima alikuwa dada yake.

"Sawa, sawa," Vestine alisema mwishowe, akitoa ufunguo wa kabati mfukoni. "Punguza kelele. Nitamchoma ili wewe unyamaze."

Sindano ilichomwa saa nane na dakika kumi. Esha alisimama miguuni pa kitanda mpaka alipoona vidole vya miguu vya Zuwena, vilivyokuwa vimekunjwa chini ya shuka muda wote huo, vinalegea. Kisha alitoka. Benchini palikuwa na nafasi karibu na kaka yake. Ramazani hakumkaribisha wala hakumfukuza, na Esha alibaki amesimama ukutani, mbele ya watu, hadi jioni.